Buni Alizokula Galma Peke Yake

Mwaka ule wa kiangazi kikali, kabla Wataliano hawajaleta vita vyao mpakani, hapakuwa na mtu El Wak mwenye mikono kama ya Galma. Kisima chao kilikuwa kirefu hata jua la adhuhuri halikufika chini. Wanaume sita walisimama kwenye vidato vya mwamba, mmoja juu ya mwenzake, wakipitishiana ndoo za ngozi huku wakiimba. Wa chini kabisa, mtekaji, alikuwa Galma.

Siku moja wawili kati yao walilala na homa, na zamu yao ya maji ilikuwa inaisha alasiri. Ng'ombe arobaini wa Galma walikuwa siku ya nne bila maji. Zamu ikipita, basi tena.

Mkewe, Tari, akakaanga buni za kahawa kwa samli, chakula cha kumtoa mtu uchovu. Kwao buni huombewa dua kwanza, kisha hugawiwa kila aliyepo, hata mgeni asiyejulikana.

"Baba Jilo, ngoja wazee waziombee."

"Wazee wakimaliza dua, na buni nazo watakuwa wamezimaliza."

Galma akazitia kwenye kibuyu, akashuka kisimani, akazitafuna gizani peke yake.

Nguvu zikamjia mpaka kwenye kucha. Akateka bila kuhema. Kwenye kidato cha juu yake, mdogo wake, Koricha, akanung'unika, "Kaka, punguza. Wenzako tuna mikono miwili tu."

Galma akacheka. Kisha akagundua kuwa kila akiinama, ndoo imekwisha kujaa, inapanda yenyewe hadi mkononi mwake. Na chini yake hapakuwa na kidato. Palikuwa na maji tu.

"Galma," sauti ya upole ikatoka majini, "mimi sijapewa."

Miguu ikataka kupanda. Huko juu ng'ombe wakalia. Akainamisha kibuyu chenye buni zilizobaki, na mkono wa baridi ukapokea. Akasikia kitu kikitafuna, taratibu, kama mzee asiye na haraka.

Ng'ombe wote wakanywa.

"Ulikuwa na nani chini?" Koricha akauliza walipotoka.

"Na nani tena?"

"Mbona wimbo wako ulikuwa na sauti mbili?"

Mifugo ya wengi iliteketea; ya Galma haikupungua hata ndama. Lakini miaka ishirini, kila zamu, alishuka na kibuyu chake, hata mvi zilipomjaa, hata akiwa na homa. Jilo, mwanawe, alipotaka kumpokea kazi ya kuteka, Galma alimfukuza kwa fimbo.

"Wewe kaa kidato cha juu," alimwambia. "Huyu wa chini ananijua mimi, na bado hajashiba."