Rinda Alilojichagulia Mama

Mtaani kwetu Mbotela, neno "choice" hutumiwa zaidi na watu wasiokuwa nayo. Mwenye nyumba akipandisha kodi, utasikia, "Sina choice." Msichana akiolewa na mwanamume ambaye kwao hawamtaki, watasema, "Ni choice yake," na hapo ujue wameshamnawia mikono. Mimi neno hili silipendi, na nina sababu.

Mama alikuwa akiuza marinda ya mitumba sokoni Gikomba. Bale la nguo likikatwa kamba, wauzaji waliolipia nafasi ya kwanza huinama wakachukua zile nguo bora, zinazoitwa kamera. Dakika hizo Mama aliziita choice, na alizitaja kwa heshima kama mtu anayetaja ibada. Jicho lake halikuwa na mchezo. Lakini nguo bora zilikuwa za wateja. Yeye alivaa zilizododa.

Siku moja alitoa kwenye bale rinda la buluu, kola nyeupe, mikono mirefu. Hakulitundika. Alilifua, akalipiga pasi, akalitia kwenye mfuko wa nailoni na kulilaza ndani ya sanduku chini ya kitanda chetu.

"Hii rinda ni ya kunizika," aliniambia huku akimenya viazi. "Maisha yangu yote nimevaa zile wateja wamekataa. Hii nimechagua mimi. Na huu mkono utafunikwa."

Mkono wake wa kulia uliungua soko liliposhika moto nikiwa mdogo. Ngozi ilijikunja kuanzia kiwiko hadi kiganja. Jua liwake vipi, hakutoka nje bila sweta.

Nililichukia lile rinda. Mtu analalaje juu ya sanda ya mama yake? Kila nilipovuta sanduku kutoa shuka, ule mfuko ulichakarika, nami nikaingiwa na baridi.

Kisha Mama akaenda kwao Ukambani kwa matanga, akaniachia kibanda cha sokoni. Akaja dada mmoja anayeimba kwaya kanisa la karibu na Jogoo Road.

"Niaje siz, huna rinda ya blue, mikono mirefu?"

Nilimwambia arudi kesho. Sitajitetea kwamba nilikuwa na shida ya pesa, maana sikuwa nayo. Nilitaka kifo kitoke nyumbani kwetu. Kesho yake nikamkabidhi rinda, na jioni nikavuta sanduku bila woga.

Nilijiambia nitapata jingine kama lile. Halikupatikana. Mama naye hakufungua ule upande wa sanduku. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba alichokiweka kipo.

Ugonjwa wa moyo ulipomlemea, akiwa kitandani hospitalini, aliniuliza, "Ile rinda unajua iko wapi?"

"Najua, Mama."

Na kweli nilijua. Siku mbili baadaye akafariki, nami nikamwendea yule mwimbaji nyumbani kwake. Alilileta rinda akitabasamu. Fundi alikuwa ameshalikata mikono yote miwili.

"Si ilitoka fiti?"

Nikasema ilitoka fiti.

Gikomba, wanawake waliofanya kazi na Mama waliniachia nafasi ya kwanza kwenye bale. "Mchagulie mamako," wakasema, wakarudi nyuma. Nikabaki na marinda mawili mkononi. Moja la rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu hadi vidoleni. La pili la buluu, kola nyeupe, mikono ya kuishia kiwikoni. Mama mdogo, ndugu yake Mama, alikuwa ameambiwa na Mama mwenyewe kwa simu kuhusu rinda la buluu lenye kola nyeupe. Kuhusu mikono hakuambiwa. Nikichukua la damu ya mzee angeuliza, na ningelazimika kujibu.

Nilichukua la buluu.

Lile nililoliacha nakutana nalo hadi leo. Nikiwa sokoni Muthurwa mchana kweupe huliona mbele yangu mgongoni mwa mtu, nikaacha biashara na kulifuata mpaka anayelivaa ageuke. Hugeuka mtu tu, na rinda lenyewe silo.

Siku ya kumtoa mochari, Mama alikuwa amelazwa mikono ikiwa kifuani, ule ulioungua ukiwa juu. Mama mdogo aliuvuta mkono wa rinda ufunike. Ukarudi. Akauvuta tena, polepole, kama anayemvisha mtoto. Ukarudi.

"Dadangu alijua kuchagua nguo kutushinda sisi wote," akawaambia waliosimama nyuma yake. "Lakini hapa, jamani, sijui jicho lake lilikuwa wapi."

Watu wakaguna kukubali. Akanigeukia mimi niliyeishi na Mama, asikie nitasemaje, nami nikatikisa kichwa, kwamba hata mimi nilimshangaa.