Jicho la Kadzo na riwaya ya mapenzi

Leo riwaya ya mapenzi imenitia kinyaa.

Kina mama wa kanisani kwetu Muyeye tunasoma pamoja riwaya za Kikristo za mapenzi ya zamani. Nazipenda, sikatai.

Katika hii ya leo, mke anapigwa, anaomba, anavumilia, hadi mume anaokoka.

Jirani yangu Kadzo alikuja jicho limevimba. Mumewe tunamjua kwa ngumi zake.

Kiongozi wetu akamshika mkono. "Umeona, mwanangu? Rudi nyumbani uvumilie kama huyu wa kitabuni."

Wenzangu wakaitikia amina.

Kadzo akauliza polepole, "Na wangu asipookoka?"



Nikamwambia, "Inuka, twende kwangu."

Yuko hapa, anakunywa chai, na leo harudi kwake.

Nyinyi mngemjibu nini?