Alichoambiwa Baba

Juzi hospitalini nilimwona daktari kijana akivuta kiti na kumweleza mzee mmoja ugonjwa wake wa kusahau. Alimweleza yeye mwenyewe, wanawe wakisikiliza. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Kasansa, zahanati ikinuka spiriti, bibi yangu amekaa kwenye benchi mlangoni. Daktari alizungumza na baba tu, kwa sauti ya chini, nami nikiwa nimesimama kando ya baba.

“Akili za mama zinaondoka,” alisema. “Hazitarudi.”

Mimi nilidhani akili husafiri kama watu, na kwamba za bibi zingepanda treni Mpanda.

Njiani bibi aliuliza, “Amesemaje?”

“Amesema u mzima, mama,” baba akajibu.

“Hapana, bibi, amesema akili zako zinaondoka,” nikamwambia.

Baba alisimama ghafla. Bibi alinitazama, kisha akanishika mkono.

“Basi tuwahi nyumbani, mjukuu wangu, nikuonyeshe ninapoweka mbegu za mpunga.”

Jioni ile alinionyesha mitungi yote, akinieleza mbegu ipi ni ya bondeni.

Mvua zilipoanza, bibi hakunijua tena. Baba alikuja kuniuliza mimi mbegu zilipo.