Viti Alivyotununulia Prezida

Jumapili iliyopita chama chetu cha wahamiaji hapa mtaa wa Albert Park kilikutana kumwondoa prezida kabla ya muhula wake kwisha. Tangu tumchague hajaitisha kikao hata kimoja; hiki tulikiitisha wenyewe. Ukumbi ulijaa.

Kabla ya kura, prezida alisimama akafunga kifungo cha koti. "Kunitoa munaweza," alisema taratibu. "Lakini hivi viti nilinunua mimi, wakati wa kampeni. Anayetaka kunitoa asimame kwanza, aniachie kiti changu."

Alisema kweli, maana siku ya kumchagua tulikuwa tumevikalia, tukivisifu.

Mama mmoja anayeuza mboga soko la Warwick akainuka, akatandika kitenge sakafuni, akaketi. "Sasa niko chini, papa. Naweza kukutoa, ama hata sakafu ni yako?"

Watu wakacheka. Wachache wakamfuata. Wengi wakainuka nusu, wakavuta suruali, wakakaa tena.

Tangu siku hiyo situlii. Haki ya kumwondoa kiongozi imo kwenye katiba yetu, tuliipigania wenyewe. Lakini hatujawahi kuchanga mfuko mmoja wa kugharamia kampeni za wagombea wote. Sasa haki hiyo tutaidai tukiwa tumekaa wapi?

Siku ile waliopiga kura ya kumtoa ni wale wa sakafuni tu, kwa hiyo alibaki. Prezida alitushukuru, kisha akaomba tumsaidie kupanga viti vyake.

Tukavipanga.