Kayongo, ng'ombe wawili na mke mwenzangu: nilivyopalilia mahindi miaka ya tisini

Wakuu, hamjambo. Nimesoma uzi wa dawa za magugu nikaona niwape hii yangu ya Oyugis, bila dawa hata tone. Mnaojua ukulima mtajua sidanganyi.

Niliolewa kama mke wa pili. Mzee wetu alikuwa kwenye machimbo ya Masara akichimba dhahabu, ambayo mpaka leo sijaiona.

Adui yangu alikuwa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Mwaka uliotangulia lilinimaliza. Watoto wangu wanne walikula uji wa kuomba kwa majirani, na niliapa hilo halitarudi.

Kwa hivyo nilipanda kwa mistari. Jirani yangu Ochieng' alikuwa na ng'ombe wawili waliofunzwa kupalilia. Unatoa lile bati la plau linalopindua udongo, unaweka nira ndefu ili kila ng'ombe ashike njia yake, na mdomoni unawafunga vikapu vya katani wasile mahindi.

Watu walicheka sana. Eti napeleka ng'ombe kulishwa shambani! Niliwaacha wacheke, meno ni yao.

Shida haikuwa ng'ombe. Kwetu, mke mkubwa, yaani mikayi, ndiye anaanza kupanda, kupalilia na kuvuna. Wewe mdogo unangoja.

Sasa mikayi wetu, Mama Otieno, alikuwa amevimba mguu, hata kusimama hawezi. Na kayongo kwangu ilikuwa imeshachomoza. Mnajua ikishatoa maua ikamwaga mbegu, umekwisha. Zile mbegu ni kama vumbi, zinakaa kwenye udongo miaka.

Shemeji akaniambia nivumilie. Nivumilie na watoto wale nini? Nilikasirika, wakuu, acha tu.

Nikaenda kwa Mama Otieno mwenyewe.

"Unataka kupalilia mbele yangu?" akaniuliza. "Hiyo ni kusema mimi nimekufa."

Hapo hasira ikaniisha. Nilidhani ananibania, kumbe mama wa watu anaogopa.

"Mama, sitaki kukupita," nikamwambia. "Nataka uanze. Miguu nitakuletea mimi."

Asubuhi Ochieng' akafunga ng'ombe kwenye ile sleji ya mti tunayobebea kuni. Tukaitandika magunia, Mama Otieno akapanda, akaburutwa mpaka shambani kwake akiwa amenyoosha mgongo kama mke wa chifu. Njia nzima anamgombeza Ochieng', "Pole pole, mimi si kuni!"

Akainama palepale kwenye sleji, akang'oa magugu ya kwanza kwa mkono wake. Basi. Mila imetimia.

Lakini singeweza kumwacha hivyo. Yeye alikuwa amepanda kwa kurusha mbegu, hakuna mstari, ng'ombe wangekanyaga kila kitu. Kwa hivyo nilianza na shamba lake kwa jembe, nimeinama mpaka kiuno kikalia, yeye amekaa pembeni akinionyesha nilipoacha. Alionyesha kwa bidii sana!

Nilipomaliza, asubuhi iliyofuata ndipo ng'ombe wakaingia kwangu. Jua halijawa kali, katikati ya mistari pamekuwa safi. Waliokuja kucheka walibaki kutazama.

Ila msidanganyike, ng'ombe hafiki kwenye shina. Hapo ni mkono. Nilirudi mara kwa mara nikang'oa kila kayongo kabla haijatoa ua. Iliyoponyoka ikatoa ua niliichoma. Usiwape ng'ombe wala usitupe kwenye mbolea, utairudisha shambani mwenyewe.

Tulivuna vizuri. Gugu halikuisha, lakini watoto walikula kwao.

Msimu uliofuata nikasikia kelele nje. Mama Otieno, mguu umepona, amemsimamisha Ochieng' na ng'ombe wake wakija kwangu. Nyuma yake shamba lake lote limepandwa kwa mistari, imenyooka kuliko yangu.

"Unaenda wapi?" anamuuliza. "Hata ng'ombe wanaanza kwa mikayi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikangoja zamu yangu, na nilingoja kwa furaha.

Nilichojifunza: kayongo haingoji mtu, lakini mtu ukimheshimu hatakungojesha. Nyinyi wa Kisegi na Migori, kwenu mlipambana nayo vipi? Na wake wa pili mliomo humu, semeni ukweli, mlingoja?