Jezi za Wapuliza Vioo

Orpha Kessinger alifua jezi za timu yetu ya besiboli kwa miaka kumi na tisa, na katika muda huo wote hakutazama hata mechi moja mpaka mwisho. "Wewe mwenzangu unaona mchezo," alikuwa akiniambia. "Mimi naona matope tu." Mimi nilikuwa nakata tiketi langoni, na nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa mbao, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe au niliyasikia kinywani mwake.

Timu iliitwa Wapuliza Vioo, kwa sababu ya kiwanda cha vioo kilichoulisha mji wetu wa Tolliver Forks, huku milimani West Virginia. Ligi yetu ilikuwa ya daraja la chini kabisa. Wachezaji walikuwa vijana waliotoka kwenye mashamba ya mahindi na machimbo ya makaa, na kila mmoja aliamini kwamba mwakani ataitwa kwenye timu kubwa. Karibu wote walirudi makwao. Wachache walioa hapa wakaingia kiwandani.

Orpha na mumewe Burl hawakujaliwa mtoto. Vijana wa timu walimwita Mama Orpha, wakala mikate yake ya mahindi, wakampelekea suruali zilizochanika magotini. Burl ndiye aliyeendesha basi la timu. Alikuwa pande la mtu, mpole, na utani wao hakuuchukia.

"Mzee Burl, kanyaga moto basi, hata ng'ombe wanatupita!"

"Ukitaka haraka, jifunze kupiga mpira. Timu kubwa zitakuletea treni."

Juni ya mwaka 1951, siku ya Jumanne asubuhi, nilikuwa nasafisha kibanda changu cha tiketi. Burl alisimama nje akizungumza na Bwana Dewitt Sprague, mwenye timu.

"Bwana, breki hazishiki. Pedeli inakwenda mpaka chini."

"Burl, ni safari hii moja tu. Mkirudi tunalipeleka gereji."

"Ule mteremko wa Cutler ni mkali."

"Umeushuka mara ngapi? Kaunti nzima hakuna dereva kama wewe."

Burl akacheka kidogo, kama mtu aliyesifiwa mbele ya watu. Akapokea ufunguo.

Vijana walipanda wakiwa wamevaa jezi kabisa, maana uwanja waliokuwa wakienda haukuwa na chumba cha kubadilishia nguo. Kabla ya saa sita mchana basi lilifeli breki katika mteremko wa Cutler, likaikosa kona ya tatu na kubingirika mpaka mtoni. Walikufa watano. Clovis Tarr, mdakaji wetu, alikuwa na miaka ishirini. Burl alivunjika mtulinga tu. Waliomtoa walisema alikuwa akiita majina yao, kila mmoja kwa zamu yake, na alipofika mwisho alianza upya.

Siku ya Alhamisi Sprague alimpelekea Orpha magunia mawili. Timu nyingine za ligi zilikuwa zimetuazimisha wachezaji, na Jumamosi tulikuwa na mechi nyumbani. Seti ya jezi ilikuwa hiyo hiyo moja.

Orpha aliniita kupitia uzio. Nilipoingia jikoni kwake, jezi zilikuwa zimetandazwa mezani na juu ya viti. Sufu ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ngozi. Kadhaa zilikuwa zimepasuliwa kifuani kwa mkasi wa hospitali.

"Mrudishie," nilimwambia. "Hana haki ya kukuletea hizi."

"Nikimrudishia atampa nani? Mtu asiyewajua?"

Tukaziloweka katika maji baridi na chumvi. Hakuwa na haja ya kutazama namba. Aliijua kila jezi kwa viraka vyake, kwa kifungo alichokibadilisha mwezi wa nne, kwa kola aliyoigeuza. "Huyu alikuwa anatokwa na jasho sana, maskini," alisema. "Huyu alikuwa anajifutia mikono hapa, nilimkataza mpaka nikachoka." Hakulia. Maji yalipogeuka mekundu aliyamwaga uani, akachota mengine. Tulifanya hivyo mpaka mchana ukaisha, na kesho yake akashona palipopasuliwa.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko siku yoyote niliyopata kuiona. Watu waliimba wimbo wa kanisani, wakavua kofia. Kisha akaingia mdakaji mgeni, kijana mwekundu wa uso, amevaa jezi ya Clovis Tarr. Mshono ulionekana toka nilipokuwa. Orpha alikuwa amesimama kando yangu langoni. Akashika mkono wangu kwa nguvu, akauachia, akaenda zake nyumbani kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Tulifungwa vibaya, na watu wakapiga makofi hivyo hivyo.

Kikao cha kuchunguza vifo kilifanyika baada ya wiki tatu. Burl aliulizwa ilikuwaje. Akajibu, "Nilishindwa kulizuia," akaketi. Habari za asubuhi ile hakuzitaja hata kidogo.

"Kwa nini hukusema?" Orpha alimuuliza walipofika nyumbani.

"Niseme nini? Nilijua, nikapanda. Nikawapandisha na wao."

Ndipo Orpha akaenda mwenyewe kwa Sprague. Aliniambia kwamba mtu yule hakumpandishia sauti. Alimpa kiti, akasema taratibu, "Mama Kessinger, mumeo angeweza kukataa." Orpha akatoka pale akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Uliwasikia, ukanisimulia. Utakwenda kusema?"

Sprague ndiye aliyenipa kazi, na kaka yake alikuwa msimamizi wa zamu ya mume wangu kiwandani. Nikamwambia, "Orpha, nina watoto watatu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuniuliza tena maishani mwake.

Timu haikuinuka. Mwaka uliofuata majukwaa yalikuwa nusu tupu. Waliokuwa na televisheni walikaa nyumbani kutazama timu za miji mikubwa, na wengine walisema wakikaa pale wanamwona Clovis. Mwaka 1954 tangazo lilibandikwa langoni kwamba Wapuliza Vioo imevunjwa. Sprague akauza nguzo za taa, akahamia Florida. Miaka thelathini ya timu iliishia kwenye karatasi moja iliyobandikwa kwa pini nne.

Burl hakugusa tena usukani. Alifagia sakafu kiwandani, na watu waliokuwa wakimtania zamani walihamia upande wa pili wa barabara wakimwona. Mama yake Clovis alimwandikia barua moja. Orpha alinionyesha: *Sikuchukii. Lakini usije kaburini.* Burl aliitembeza mfukoni mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Jioni alikaa jikoni mikono juu ya meza, na Orpha akimsemesha alijibu, "Ndiyo, mke wangu," kwa jambo lolote lile, hata pasipohitaji ndiyo.

Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu wakati wa theluji ya mwaka 1958. Mazishini tulikuwa sita. Mmoja alikuwa mchezaji aliyenusurika, Truett Ambler, aliyekuja kwa magongo kutoka kaunti ya pili. Alitaka kushika jeneza, mguu ukamshinda, ikabidi akae pembeni kwenye theluji akitutazama.

Masika yalipofika mpwa wake Orpha alikuja na gari kumchukua, ili Orpha akaishi na dada yake Ohio. Nilimsaidia kufunga sanduku. Maneno niliyokuwa nimeyabeba miaka saba yalinitoka nje, kando ya gari, injini ikiwa tayari inanguruma.

"Orpha, ilinipasa kusema."

"Ndiyo," alisema. "Ilikupasa."

Hakusema kwa hasira. Akapanda, akafunga mlango. Niliandika barua mbili, sikupata jibu. Ya tatu nilijibiwa na yule mpwa: Orpha alikuwa amefariki vuli iliyotangulia, na walikuwa wameshamzika.