Mdogo Atia Rangi Mtoni, Dada Afua

Jua limeshachomoza, lakini Mama Mapovu hajaloweka hata soksi. Anachovya kitambaa cheupe kwenye kijito, anakikamua, anakiinua juu na kukigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti bandia. Madobi wenzake wamesimama nyuma yake na mabeseni kichwani, wanangoja hukumu.

"Manjano kidogo," anasema. "Tuanze na za mafundi gereji."

Wanacheka. Ovaroli, jinzi na soksi nyeusi zinaingia majini. Mashati meupe yanabaki kwenye mifuko mpaka maji yaone huruma.

Juu kidogo ya hapo kipo kiwanda cha nguo. Kinachopikwa humo kwenye matangi ya rangi ndicho kinachoteremka na kijito. Na kwa miaka mingi, mmoja wa wapishi wa rangi hizo alikuwa mdogo wake Mama Mapovu, baba mmoja, mama mmoja.

"Watu huniuliza kama namchukia," anasema huku akisugua kola. "Simchukii. Namwonea wivu. Hivyo ni vitu viwili, usije ukaandika kama kimoja."

Jina la Mama Mapovu walimpa watoto wa jirani, naye akalipenda. Ufuaji ameurithi kwa mama yake, aliyewalea mabinti wawili kwa kufua nguo za watu baada ya baba yao kufariki. Wote wawili walijua kusugua kabla ya kujua kusoma.

Kiwanda kilipofunguliwa, walikwenda pamoja langoni kuomba kazi. Dada alikuwa mbele kwenye foleni, mdogo nyuma yake. Mara mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni mwa dada akaanza kulia. Mama Mapovu akatoka, akaketi nyuma ya ukuta, akamnyonyesha. Aliporudi, nafasi zilikuwa zimejaa. Ya mwisho ilikuwa imekwenda kwa mdogo wake.

"Mimi nilinyonyesha mtoto, mwenzangu akaenda kunyonya kiwanda," anasema, na kucheka peke yake.

Mshahara wa kila mwezi ulifanya yake. Mdogo mtu alijenga nyumba juu ya kilima, yenye umeme na vigae sakafuni. Mama yao alipoanza kusumbuliwa na kifua, akahamia huko, mbali na unyevu wa kijitoni. Mama Mapovu anasema hilo alilielewa. Ambalo hakulielewa ni mashine ya kufulia.

"Nilikwenda kumsalimia Mama, nikamkuta ameketi mbele ya ile mashine, anatazama nguo zinavyozunguka kama anatazama harusi. Mama huyuhuyu aliyenichapa kwa kuacha sabuni kwenye mkunjo! Akaniambia, 'Njoo uone, mwanangu, inakamua yenyewe.' Nilisema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote."

Huo ulikuwa wivu wa moyoni, wa kumezwa pamoja na mate. Ukatoka hadharani siku ya mashuka.

Wakati huo alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni, kazi iliyompa karibu nusu ya riziki yake. Maji yalikuwa safi alipoloweka. Alipokuwa anasuuza, kijito kikabadilika mbele ya macho yake. Wekundu ulikuja taratibu, ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia kwenye mashuka. Sabuni haikufua dafu.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," anasema. "Changu kilikuwa nguoni mwa wateja."

Mwenye nyumba ya wageni hakugomba. Alitafuta dobi mwingine tu. Mama Mapovu akajitwika beseni la mashuka ya waridi, akapanda kilima. Mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza amerudi, bado na sare. Mama yao alikuwa kwenye kiti.

"Nani amepika nyekundu leo?"

"Mimi, Dada."

"Na unajua maji yanakwenda wapi?"

"Najua. Mle ndani sote tunajua. Tukifungua bomba la chini, yanashuka kwako."

Mama Mapovu akalipindua beseni juu ya vigae. Mama yao akapiga kelele, "Nyinyi! Kwani mimi nimeshakufa?"

Mdogo mtu akapiga magoti, akaanza kuokota mashuka. Akasema bila kuinua uso, "Una wivu na vigae, Dada? Vichukue. Mimi nina wivu na wewe tangu siku ile ya langoni. Wewe ulitoka kwenye foleni kwa sababu ulikuwa na wa kumnyonyesha."

Yeye hakujaliwa mtoto.

"Niliyaacha mashuka palepale," anakumbuka Mama Mapovu. "Nikateremka kilima. Njiani nikajikuta nafurahi kwamba kumbe kuna kitu changu anakitamani. Ndivyo nilivyo. Andika tu."

Haikuchukua muda, wakazi wakaitisha mkutano na wakubwa wa kiwanda. Madobi walimchagua Mama Mapovu awasemee, naye akaja na shuka moja lililobaki kambani kwake kama ushahidi. Meneja akalitazama, akasema maji ya kiwanda ni salama, na kwamba wekundu ule ni wa udongo wa kingo.

Hapo ndipo mdogo wake aliposimama nyuma ya ukumbi, ndani ya sare ya kiwanda.

"Huo si udongo," alisema. "Bomba nililifungua mimi, na niliambiwa nilifungue."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Baadaye kiwanda kilichimba mabwawa ya kutuamisha maji machafu kabla ya kuyaachia. Rangi imepungua, haijaisha; nyasi za kingoni bado zimeungua na samaki hawajarudi. Mdogo mtu alitolewa kwenye rangi, akapelekwa kufunga marobota ya vitambaa, kwa mshahara mdogo zaidi. Uongozi unasema huo ni uhamisho wa kawaida.

Mama Mapovu hakumpigia makofi.

"Hasara nimepata mimi, shuka nimebeba mimi, kushangiliwa kashangiliwa yeye! Hata kwenye kulalamika kanishinda."

Mdogo wake, alipozungumza na mwandishi wa makala haya wakati wa mapumziko, hakutaka kuongelea mkutano. Aliongelea kelele.

"Ndani humu mashine zinanguruma, hatusikilizani kutwa nzima. Nikitoka, napita juu ya kijito, nasikia kicheko cha Dada hadi barabarani. Sisimami. Najua atasema nimekuja kuringa."

Mama Mapovu alipoambiwa maneno hayo, alikamua shati alilokuwa akisuuza. "Kweli ningesema hivyo," alikiri.

Sasa madobi wana mpango wa kisima chao wenyewe, chenye pampu, tangi na kibanda cha kufulia, ili nguo nyeupe zirudi. Mwenye nyumba ya wageni ameahidi kurudisha mashuka akiyaona maji kwa macho yake. Wamemleta mchimba visima, akazunguka, akachimba hapa na pale, akatikisa kichwa. Huku chini, aliwaambia, watachota maji yaleyale ya kijito. Maji mema yako kilimani, na uwanja pekee ulio wazi huko uko nyuma ya nyumba yenye vigae.

"Umeona?" anasema Mama Mapovu, mikono kiunoni. "Hata maji ya ardhini yamemchagua yeye!"

Wenzake wamejitolea kwenda kuomba kwa niaba yake. Amekataa. Atapanda mwenyewe Jumapili, mchana, saa ambayo mama yao huwa amelala.

"Kuomba nitamwomba," anasema. "Lakini sitamwomba mbele ya Mama."